Cha kukunia nazi: mbuzi, mashine ya mkono au blenda?

Anayeanza nyumba yake, awe bibi harusi wa Wete, Pemba, au kijana aliyepanga chumba Kwahani, Unguja, hufika siku akasimama mbele ya duka la vyombo asijue achukue kipi cha kukunia nazi. Mama keshamwambia mbuzi, na si chengine. Wifi keshamwambia blenda, usijitese shoga. Na mwenye duka anamsogezea kile kidude cha chuma chenye mpini wa kuzungusha, kinachobanwa ukingoni mwa meza, maana kimemkalia rafuni tangu Ramadhani.

Wote watatu wana hoja. Jikoni kwetu vyote vitatu vipo na kila kimoja kina siku yake, kwa hiyo sitakwambia kimoja ndicho na vilivyobaki takataka. Nitavipitisha vyote kwenye maswali yaleyale, kisha mwenyewe ujipime kwa nyumba yako, magoti yako na mapishi yako.

Maswali matano

La kwanza ni nazi inavyotoka. Anayetaka tui tu na anayetaka nazi yenyewe iliyokunwa, kwa kashata tuseme, hawatafuti kitu kimoja. Tena tui lenyewe lina madaraja: kasimile, lile zito la mwanzo, na tui la pili jepesi.

La pili ni mwili. Unakaa chini, unakaa kwenye kiti, au unasimama? Mkono upi unachoka?

La tatu ni nafasi na umeme. Chombo kinataka meza? Kinataka plagi? Kikimaliza kazi kinakaa wapi?

La nne, kikiharibika anakitengeneza nani?

La tano ni umbo, na hili nitalikalia zaidi kwa sababu wengi hulidharau. Chombo cha jikoni utakitazama kila siku kwa miaka. Si haba kikikupendeza. Lakini uzuri ninaouzungumza hapa si nakshi wala rangi. Kipimo changu ni hiki: kishike chombo, kitazame kipande kimoja kimoja, na kila kipande kiulize, wewe kazi yako nini hapa? Kipande chenye jibu kiache. Kisichokuwa na jibu ni mzigo: utakiosha kila siku, kitashika uchafu pembeni, na mara nyingi ndicho kitakachovunjika mwanzo. Chombo ambacho kila kipande kina jibu huwa kizuri bila ya kupambwa, na macho hulijua hilo kabla ya akili kupata maneno.

Bei sikuipa swali lake. Inabadilika kila msimu na kila duka. Jua tu kwamba mbuzi na mashine ya mkono ziko chini, blenda iko juu, na blenda ya bei ya kutupa huenda ikawa ghali kuliko zote siku utakaporudi kununua ya pili.

Mbuzi

Wengi wetu tumeikalia tangu utotoni bila ya kuitazama. Ni vibao viwili vilivyopishana. Kimoja ndicho cha kukalia, nacho kinaendelea mbele kikawa shingo; mwisho wa shingo pamepachikwa bapa la chuma lenye ncha ya mviringo iliyokatwa meno. Kibao cha pili ni mguu. Inafunguka na kujifunga kama marufaa ya msahafu, na zile zilizotengenezwa vizuri khasa, vibao vyote viwili vimetoka kwenye ubao mmoja, maungio yamechongwa humohumo, hakuna bawaba wala msumari.

*Nazi inavyotoka.* Hapa mbuzi haina mpinzani, mradi mkono umezoea. Unapasua nazi katikati, maji unayakinga bakulini, unakishika kifuu kwa viganja viwili na kukizungusha juu ya meno, ukianzia ukingoni na kuingia ndani kidogo kidogo. Mwanzo sauti ni laini, ya kitu kinyevunyevu kinachokwanguliwa. Ikianza kuwa kali, umekaribia ile ngozi ya kahawia. Geuza kifuu, hamia sehemu nyengine. Hakuna chombo chochote katika hivi vitatu kinachokuachia uamue kwa kiasi hicho ukome wapi. Ndiyo maana nazi ya mbuzi hudondoka kwenye sinia nyeupe pe, chembe zake nyepesi na ndefu kiasi, na tui lake halina wekundu wala uchungu wa ngozi.

Chembe hizo ukizitia kwenye kifumbu, ule mfuko wa kusukwa wa kukamulia tui, na maji ya vuguvugu kidogo tu, ukakamua, unapata kasimile ya kumalizia pweza au mchuzi wa papa. Ongeza maji, kamua tena, ndilo tui la pili la kuchemshia wali au muhogo. Na kwa kuwa kifumbu nacho ni chombo cha aina hiyohiyo, niruhusu nikisifie kidogo. Kimesukwa kwa mshazari, kwa hiyo kinatanuka unapokijaza na kinajibana chenyewe kila unapozidi kukisokota. Hakina kifuniko, hakina mpini, hakina chujio la kubadilisha. Chembe za mbuzi ni kubwa kuliko matundu yake, na tui linapita peke yake. Vyombo viwili hivi vimezoeana, na ndiyo maana ukibadilisha kimoja, kama tutakavyoona kwenye blenda, cha pili nacho kinaanza kukushinda.

*Mwili.* Hapa ndipo mbuzi inapopoteza watu. Unakaa chini, karibu na sakafu, wengine kwa kuipanda, wengine kwa upande na kanga imekusanywa vizuri, na mgongo unainama. Nazi moja si kitu. Nazi sita za futari ya ukoo mzima ni habari nyengine, na mwenye magoti mabovu hata kuinuka pale ni kazi. Anayejifunza atakwaruza vidole. Lakini ina adabu moja ambayo sijaiona ikisifiwa: haina upande. Mwenye mkono wa kulia na mwenye mkono wa kushoto wanakuna sawa.

*Nafasi na umeme.* Inataka sakafu ya kuwekea sinia na pumzi ya kukaa, basi. Ikifungwa inakuwa bapa, unaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwenye fleti za Michenzani, zile zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ambako jiko halina nafasi ya kupishana watu wawili, nimeona mbuzi ikining'inia barazani karibu na dirisha bila ya kumsumbua mtu. Jambo moja la usalama: ukishakuna usiiache imefunguliwa na mtoto anatambaa. Ifunge, meno yatazame ukuta.

*Ikiharibika.* Ina magonjwa mawili tu. Meno yakifubaa, yanapigwa tupa. Chuma kikilegea au kikilika, fundi anakitoa na kutia chengine. Hewa yetu ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo ukimaliza pangusa, kausha, na usiiloweke kwenye beseni pamoja na masufuria. Ubao utavimba, kisha utapasuka pale chuma kilipoingia. Seremala yeyote wa mtaani anaijua. Hakuna kipuri cha kuagiza Dubai.

*Umbo.* Jiulize kitu kimoja: mbuzi inashikiliwa na nini isiruke unapokuna? Na wewe mwenyewe. Uzito wa anayekaa ndio unaoitia mizizi. Mashine ya mkono inahitaji skrubu ya kubana, blenda inahitaji mota nzito na miguu ya mpira. Mbuzi imemfanya mtumiaji kuwa kipande chake, kwa hiyo haikuhitaji kuongezewa kitu. Ukiuliza kila sehemu ina kazi gani, unapata jibu moja kwa moja: hapa pa kukaa, huu mguu, hii shingo ya kufikisha meno mbele ya magoti, haya meno. Huwezi kuondoa kitu ikabaki mbuzi, na ukiongeza kitu unaharibu. Aliyeitengeneza hakuandika jina lake popote. Tokyo kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya vyombo vya aina hii tu, vya kila siku, vilivyotoka mikononi mwa mafundi wasiojulikana. Mbuzi ya Pemba ingepata rafu yake mle bila ya kuombewa na mtu.

Sasa tahadhari. Ukipita Mtaa wa Gizenga na vichochoro vya Hurumzi, Mji Mkongwe, utaona mbuzi zilizochorwa maua na kupakwa rangi, zinazomngojea mgeni. Nakshi ya ukingoni haina tabu. Nakshi ya pale pa kukalia ni adhabu, na nyingi ya hizo chuma chake hakijawahi kukutana na nazi. Mbuzi ya kazi inunuliwe kwa kuikalia. Ifungue palepale dukani, kaa, jitikise. Ikiyumba iache. Tazama ubao kuzunguka chuma kama una ufa. Pitisha kidole pembeni mwa meno (pembeni, si juu): yawe sawa, yasiwe na jino lililopanda kuliko wenziwe, maana hilo ndilo litakalochimba hadi kwenye ngozi ya kahawia.

Mashine ya mkono

Ni kile kidude cha mwenye duka. Kina mwili wa chuma au wa plastiki ngumu, mpini wa kuzungusha upande mmoja, na upande wa pili kichwa cha mviringo chenye visu vilivyopinda. Chini kuna skrubu ya kubania ukingo wa meza, au mpira mpana unaonata juu ya marumaru. Mkono mmoja unasukuma nusu ya nazi kwenye kichwa, mwengine unazungusha.

*Nazi inavyotoka.* Chembe fupi na laini kuliko za mbuzi, zinazokamulika vizuri kwenye kifumbu. Kwa wali wa nazi, maharage na kisamvu, sijui nani atakayeonja akajua tofauti. Tatizo ni pale mwisho: kichwa kinazunguka, mkono unasukuma, na hisia ya kwamba ngozi imekaribia inafika umechelewa. Tui litatoka na vidoto. Kwa mchuzi wa manjano havionekani. Kwa tambi za sukari au kaimati za mgeni utaviona. Na nazi kubwa sana, zile za kifuu kipana, hubaki na nyama ukingoni ambayo kichwa hakiifikii.

*Mwili.* Hii ndiyo sababu yake ya kuwepo. Unakaa kwenye kiti au unasimama, mgongo umenyooka. Mama yangu mdogo, ambaye daktari alimkataza kukaa chini, alirudi kukuna nazi kwa mkono wake baada ya kuipata, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Hakupenda kuonja mchuzi uliokuniwa na mtu mwengine. Bega na kifundo cha mkono ndivyo vinavyochoka.

*Nafasi na umeme.* Umeme hautaki. Meza inataka, na hapa wengi hukwama. Pima unene wa ukingo wa meza yako kabla ya kwenda dukani, maana mdomo wa kubania una mwisho wake, na jiko lenye kaunta ya zege iliyojengewa ukutani huenda likawa halina ukingo wa kubana kabisa. Ya mpira wa kunata inataka mahali laini kama marumaru. Juu ya ubao mkavu au saruji haikamati, na mashine inayoteleza huku kichwa kinazunguka ni hatari ya kweli kwa vidole.

*Ikiharibika.* Skrubu hulika mizingo yake, na kipini kinachoshika mpini hukatika. Fundi wa vyuma anaweza kukichonga. Visu vyenyewe vikifubaa ni shida kuvinoa, kwa kuwa vimepinda na vimegongewa moja kwa moja kwenye kichwa. Kutu inaingia kwenye maungio usiyoyaona.

*Umbo.* Ina uzuri wake, na ni uzuri wa kuonekana wazi: unazungusha hapa, kinazunguka pale, hakuna siri. Mtoto wa skuli akiitazama mara moja anaweza kukueleza inavyofanya kazi. Ninachokipenda zaidi ni ile skrubu ya masikio mawili ya kubania, ambayo vidole vyenye mafuta ya nazi bado vinaweza kuikaza. Kipimo chetu hapa kinatumika kwenye zile za siku hizi zilizofunikwa mfuniko wa plastiki wa rangi. Mfuniko kazi yake nini? Ukipewa jibu la kueleweka, kwamba unazuia chembe zisiruke, nunua. Usipopata, chukua ile tupu.

Blenda

Haikuzaliwa kwa ajili ya nazi, na ukilijua hilo unaelewa tabia zake zote. Mtu aliyepata hataza yake miaka ya 1920, Stephen Poplawski wa Wisconsin, Marekani, alikuwa akitafuta njia ya kuchanganya vinywaji. Visu vilivyo chini ya jagi vinataka kitu cha majimaji kinachozunguka. Kitu kikavu kinapanda ukutani na visu vinabaki kukata hewa.

*Nazi inavyotoka.* Kwa hiyo kwanza huwezi kuikuna kwenye kifuu. Unaibandua nyama kwa kisu, na hiyo ni kazi yenye jeraha kuliko mbuzi kwa asiyezoea. Kisha unamenya ngozi ukitaka tui jeupe, unakatakata, unatia maji ya vuguvugu, unasaga. Inasaga laini sana na inatoa tui jingi. Lakini maji yameshaingia tangu mwanzo, basi ile kasimile nzito ya kumalizia huipati kirahisi. Punguza maji na usage kidogo kidogo, na hata hivyo mota italalamika. Halafu kile nilichosema kuhusu kifumbu: chembe za blenda ni ndogo kuliko matundu yake, zinapita, na tui linakuwa na chenga ulimini. Chujia kitambaa cheupe safi. Kashata za blenda sizipendekezi. Zinakuwa ugali mtamu.

Lakini mpe blenda mchele uliolowekwa na tui, kwa vitumbua au mkate wa kumimina, uone. Kazi hiyo zamani ilitaka kinu na mikono miwili yenye nguvu, na mbuzi wala mashine ya mkono haziisaidii hata kidogo. Nyumba inayopika vitumbua kila jioni ya mfungo, blenda imeshalipa nauli yake.

*Mwili.* Nyepesi kuliko zote ukishapita hatua ya kubandua. Mjamzito, mzee, mtu aliyerudi kazini saa kumi na moja amechoka: kwao hili si suala la uvivu, na tuache kulifanya la uvivu.

*Nafasi na umeme.* Inataka kaunta, plagi, na jirani mwenye subira wakati wa daku. Na inataka umeme, jambo ambalo kwetu lina historia. Unguja inategemea umeme wa Bara unaopita kwa waya chini ya bahari na kuingilia Fumba tangu mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 waya ulipoharibika tulikaa karibu mwezi mzima gizani, na Disemba 2009 tukaingia tena gizani hadi Machi 2010, miezi kama mitatu. Pemba ilikuwa ikiishi kwa majenereta ya dizeli mpaka ilipounganishwa na Tanga mwaka 2010. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule anajua ni vyombo gani viliendelea kufanya kazi jikoni. Hali si ile tena, lakini umeme wa kukatika saa moja kabla ya kufuturu bado unatujua kwa majina.

*Ikiharibika.* Mpira wa chini ya jagi huvuja, lile gurudumu la meno linalounganisha mota na visu hulika, na mota huungua ukiilazimisha nazi kavu. Mafundi wa vyombo vya umeme wapo mjini na Chake Chake, na wengi ni hodari. Kinachowashinda ni kipuri cha chapa isiyojulikana. Kabla ya kununua muulize fundi, si muuzaji, ni blenda gani anazozitengeneza mara kwa mara na vipuri vyake vinapatikana.

*Umbo.* Watu wa mapenzi ya vitu vya kale hupenda kuibeza, na wanakosea. Tazama ndani ya jagi. Zile mbavu zilizosimama ukutani si mapambo: zinavunja mzunguko wa maji ili vipande virudi katikati kwenye visu. Visu vyenyewe vinne, viwili vimepinda juu na viwili chini, vinakata kwa viwango tofauti. Hapo kila kipande kina jibu, na mimi naliona jagi la kioo lililosafishwa vizuri kuwa kitu kizuri kukitazama. Uharibifu unaanzia kwenye kitako. Vitufe sita vya kasi, na wewe unatumia kimoja. Taa ya buluu. Ukanda wa rangi ya dhahabu unaobanduka baada ya miezi michache na kuacha gundi inayoshika vumbi. Chagua yenye swichi moja ya kuzungusha, ya kasi mbili au tatu, kitako kisicho na mifereji ya kushika unga. Itakuwa rahisi kuisafisha, na ikikaa juu ya kaunta haitapiga kelele ikiwa imezimwa.

Usisahau njia mbili za pembeni

Sokoni kuna mashine za umeme za kukunia: unachagua nazi, inavunjwa mbele yako, inakunwa, unaondoka na mfuko. Haraka, na inakuondolea suala la kununua chombo. Gharama yake ni ngozi ya kahawia iliyochanganyika, na ya kwamba huoni ilichokuna kabla ya nazi yako. Nazi iliyokunwa inachacha upesi kwa joto letu. Iwe jikoni siku ileile. Na simama uione nazi yako ikivunjwa, usije ukabebeshwa joya, ile nazi mbovu isiyofaa kukunwa.

Tui la pakiti ni la dharura. Soma nyuma ya pakiti uone mna nini humo zaidi ya nazi na maji, na usilitie kwenye pweza ukategemea sifa.

Kwa hali yako

Nyumba ya watu wengi, nazi inapikwa karibu kila siku, na yupo mwenye magoti mazima: mbuzi na kifumbu. Blenda ije baadaye kwa ajili ya vitumbua, si kwa ajili ya nazi.

Unaishi peke yako mjini, unapika wali wa nazi Ijumaa na Jumapili: kama ulikuwa unataka blenda ya juisi hata hivyo, inunue hiyo na kitambaa cha kuchujia. Kama juisi hunywi, usinunue chochote, nenda na nazi yako kwenye mashine ya sokoni.

Magoti au mgongo umekataa, na bado unataka kukuna mwenyewe: mashine ya mkono, ila baada ya kupima meza. Kaunta ya zege bila ukingo, tafuta ya mpira wa kunata na uijaribu juu ya marumaru yako muuzaji akikubali irudishwe.

Unauza kashata, au unapikia shughuli watu wakaangalia weupe wa tui: mbuzi, na kwa shughuli kubwa mbuzi mbili na wakunaji wawili wanaopokezana, maana mkono uliochoka ndio unaogusa ngozi.

Kijijini, umeme unakuja na kuondoka, au haujafika nyumbani kwako: mbuzi au mashine ya mkono, na kinachoamua ni kama una meza imara.

Una mtoto anayejifunza kupika: mwanzishe na mashine ya mkono ya kubana, mkono wake ukiwa mbali na kichwa, kisha mbuzi akishajua nazi inavyosikika inapokaribia mwisho. Blenda ana muda wa kuijua, hiyo haina cha kufundisha zaidi ya kutowasha bila ya kifuniko.

Unatafuta zawadi ya harusi: muulize kwanza bibi harusi anatarajia kukaa wapi. Mbuzi nzuri iliyochongwa na fundi wa kwao, chuma kipya, bila ya maua pa kukalia, inaweza kumaliza miaka mingi ndani ya ndoa hiyo. Lakini kama anahamia ghorofa ya nne na anaingia kazini saa moja na nusu asubuhi, usimpe kitu cha kumtia hatia ukutani. Mpe blenda ya swichi moja.

Mume na mke hamkubaliani? Atakayekuna ndiye aende dukani.

Na kama kwa bibi kuna mbuzi ya zamani imetupwa juu ya dari, ishushe kabla hujatoa pesa. Ipanguse, ifungue, tazama maungio na ubao uliozunguka chuma. Ubao ukiwa mzima na kilicholika ni chuma tu, ipeleke kwa fundi atie chuma kipya, na umwambie asiirembe.